Gramu Arobaini na Sita

Mizani haidanganyi. Nilikuwa nayasema maneno hayo kila siku, kwa sauti, mbele ya wanaume wazima, na leo nikiyakumbuka natamani kujing'ata ulimi.

Nilikuwa na meza ya kuchajisha betri Mwakitolyo, kando ya njia ya kwenda maduarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu. Paneli mbili za sola juu ya bati, chaja sita kwenye ubao, mtoto mgongoni. Wachimbaji waliniachia betri za tochi zao za kichwani wakitoka shimoni, wakazifuata wakienda kuzama tena. Ni zile betri nene kama kidole gumba na ndefu kukizidi, zinazochajiwa na kurudi kazini.

Maduarani kwenyewe sikukanyaga. Mwanamke hasogelei mdomo wa duara, eti dhahabu inakimbia. Niliona ni upuuzi na bado naona ni upuuzi, lakini nilitii. Ukikaidi halafu jiwe likakataa kutoa, utaambiwa ni wewe.

Mizani niliitoa Kahama. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa na mnunuzi wa dhahabu pale Nyahanga, mtu wa mikufu na manukato, aliyekuwa anavuta sigara ya umeme, ile ya moshi wa harufu ya matunda. Betri yake ni ileile ya tochi. Siku moja ikalipuka mfukoni mwake. Aliruka ruka dukani kama amekaliwa na siafu, akavua suruali mbele ya wateja, na paja likabaki na kovu. Tangu hapo hakununua betri bila kuiweka kwenye mizani ya dhahabu. "Halisi inacheza gramu arobaini na tano, arobaini na sita," alinifundisha. "Ya bandia ni nyepesi, ndani hamna kitu. Kila kitu duniani, binti, pima uzito." Nilipoacha kazi kwenda kuolewa, akanipa mizani yake kuukuu kama zawadi.

Basi Mwakitolyo nikawa mtu. Betri za bandia zilikuwa zimejaa sokoni, na mchimbaji hana namna ya kuzijua. Ganda linang'aa, maandishi yamenyooka, muuzaji anaapa kwa Mungu. Wakaanza kuniletea nizipime kabla hawajalipa.

"Shemeji, nisomee huyu mgonjwa."

"Gramu ishirini na nane. Mrudishie mwenyewe, mwambie akapikie uji."

Walicheka, na mimi nilipenda wacheke. Hakuna aliyeuliza kwa nini uzito uwe ndio ushahidi. Huku kwetu tunaamini uzito kama wengine wanavyoamini kiapo. Kipande cha njano kikiwa chepesi, si dhahabu, maneno yameisha. Tukaipeleka akili hiyo kwenye betri, na hatukujiuliza kama anayetengeneza bandia na yeye ana mizani.

Mume wangu alikuwa mchimbaji. Mtu mpole, mfupi, asiyependa ugomvi. Alinunua betri mbili mpya kwa muuza vifaa aliyepita na boksi kwenye pikipiki, akaniletea. Nikaziweka. Arobaini na sita, arobaini na sita. Nikampa kwa mkono wangu.

Baada ya siku chache akaja mezani, watu wamejaa, akasema taratibu, "Mama, hizi betri zinakata mapema. Nikiwa chini mwanga unakuwa mwekundu kabla ya wenzangu."

Ningeweza kumvuta pembeni. Badala yake nikaichukua moja, nikaitupia kwenye mizani, nikawageuzia watu namba waione. "Haya someni wenyewe. Betri ni nzima. Huyu anawasha tochi anapiga stori, halafu anakuja kusingizia betri!"

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Kaka, umeoa hakimu!" Mume wangu akatabasamu kidogo, akachukua betri zake, akaenda.

Sasa niseme lile ambalo kwa muda mrefu sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeona. Betri za wengine zilikaa kwenye chaja tangu asubuhi hadi mchana ndipo taa igeuke kijani. Za mume wangu ziligeuka kijani kabla maharage niliyobandika jikoni hayajaanza kulainika. Chombo kinachojaa upesi hivyo ni kidogo, hata mtoto anayeteka maji bombani anajua. Na kwenye ganda palikuwa na namba kubwa mno ya ujazo, karibu mara tatu ya betri nyingine zote mezani. Nilisoma fizikia mimi. Niliiona taa, nikaiona namba, nikayaangalia macho ya watu waliosimama kwenye foleni yangu, nikachagua mizani. Kama mizani ilikosea, basi nilikuwa nimewakosea wote, na sikutaka kuwa mtu huyo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali huku juu, ila chini hakuna saa nne. Mume wangu alikuwa anapanda peke yake kuleta tindo lililobutuka, likanolewe. Wenzake walibaki mbali ndani. Tochi ikazima ghafla, haikufifia. Akaweka betri ya pili. Ikawaka kidogo, ikazima nayo. Akaamua kupanda kwa kupapasa matimba, yale magogo tunayotegeshea kuta na kukanyagia. Moja lilikuwa limeng'oka. Mguu ukakanyaga hewa.

Nyonga na paja. Hospitali walimfunga vyuma, akarudi na gongo la kutembelea. Kushuka shimoni tena hawezi.

Tukahamia Nyahanga kwenye chumba kimoja, na mama mkwe akaja kutoka kijijini kunisaidia kumuuguza. Nilimpigia magoti, "Shikamoo mayu," nikimwita mama kwa Kisukuma, akaitika marahaba huku anaangalia ukuta. Siku ya tatu akayatoa ya moyoni.

"Tochi ya duarani inashikwa na mwanamke kila siku! Mwanamke anaichaji, anaipima, anaitia mkono! Mnategemea nini? Shimo limemkataa."

Nilipandwa na hasira, nikaweka sufuria chini kwa nguvu mpaka mtoto akalia. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Mume wangu akanitangulia kutoka kitandani. "Mama, muache mke wangu. Mkono wake hauna kosa. Betri alizipima yeye mwenyewe, zilikuwa nzima. Ni ajali tu."

Nikambeba mtoto anyamaze. Kutukanwa nilikuwa nakuweza. Kutetewa vile kulinishinda.

Nilizichukua zile betri nikaenda kwa fundi simu, nikamwambia akate moja. Alivaa glovu, akachana ganda, akafungua bomba la bati. Ndani kulikuwa na kibetri kidogo, si kirefu kuliko kucha zangu mbili. Sehemu yote iliyobaki ilijazwa mchanga uliokandamizwa na gundi mpaka ukawa jiwe. Fundi akaupima mkononi. "Hawa wamejua mnapima," akasema. "Wamewapimia."

Nilimlaani yule muuzaji wa pikipiki pale barabarani, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, mpaka watu wakanipisha. Ningemkuta siku ile, ningefungwa. Lakini njia nzima ya kurudi sikumuona yeye. Niliiona ile taa ya kijani.

Nikamkuta mume wangu amekaa mlangoni, mguu juu ya ndoo. Nikamwekea ule mchanga kwenye kiganja. Nikamwambia yote: taa, maharage, namba ya kwenye ganda. "Nilijua kuna kitu," nikasema. "Nilijua siku ile uliyokuja mezani."

Aliusugua mchanga kwa kidole. Mama yake alikuwa nyuma yetu anachambua mchicha, akaacha.

"Mimi sikujua ni betri," mume wangu akasema. "Nilidhani labda kweli nawasha hovyo. Nikawa naizima tochi nikikaa, nakaa gizani, nisije nikachekwa tena."

Bora angenipiga.

Meza nimeifungua tena, hapa Nyahanga, nje ya mlango. Mizani iko ndani ya begi chini ya kitanda. Betri mpya ikiletwa, naichaji kwanza huku naitazama, kisha naitia kwenye tochi na kuiacha iwake mchana kweupe hadi ife yenyewe. Wateja wanalalamika ni uchelewaji. Wakalalamike mbele.

Anayezilinda ni mume wangu. Anakaa kwenye stuli, gongo ukutani, tochi nne tano zimepangwa mbele yake zikiwaka juani, mwanga wenyewe hauonekani mpaka uzikinge kwa mkono. Anazikinga moja moja. Juzi aliniita nikiwa nafua.

"Mama, hii imekufa mapema."

Nikaacha nguo kwenye beseni, nikaenda na mikono yenye povu. Sikuigusa. Nikachuchumaa karibu na mguu wake, nikamuuliza, "Imekufaje? Nieleze."