Mwalimu Aliyetenganisha Kuchukua na Kupeleka

Simu ilinikuta Jumanne asubuhi nikiwa kwenye foleni ya benki mjini Meru. Aliyepiga alikuwa binti wa mwalimu mmoja mstaafu wa Kiingereza niliyemfahamu tangu ujana wangu. Aliniambia kwa sauti tulivu, kama mtu ambaye amekwisha kulia: "Mama ametuacha leo alfajiri. Alisema wewe uambiwe mapema, ndiyo usisomee kwa gazeti kama watu wengine." Nilitoka kwenye foleni, nikasimama nje kando ya kibanda cha mpesa, na kilichonijia akilini hakikuwa sura yake wala sauti yake. Nilikumbuka kitenzi kimoja cha Kiingereza, kile ambacho mtoto wa darasa la kwanza hukijua. Wasomaji wa safu hii wanaweza kuona ajabu kwamba mtu akumbukwe kwa kitenzi. Nitaeleza.

Mwalimu huyo alizaliwa Kanja, upande wa Embu, akaolewa Maua, na akafundisha Kiingereza katika shule za Igembe mpaka mvi zikamjaa kichwani. Mumewe alifariki mapema. Alipostaafu alidhani atabaki na ng'ombe wake wawili na kwaya ya kina mama kanisani. Lakini mwaka uliofuata kampuni ya Waturuki ilikuja kuweka lami kwenye kipande cha barabara kutoka Maua kwenda upande wa Laare, ikajenga kambi nje kidogo ya mji. Mainjinia wake walijua hesabu na mawe, ila Kiingereza kiliwapiga chenga. Wakatafuta mwalimu. Akawa anafika kambini kila siku saa kumi alasiri, sweta ya buluu, mkoba begani, akawafundisha watu wanne kwenye meza ya kulia chakula. Alikubali kazi hiyo kwa sharti moja: kila neno atakalowapa, nao wampe la kwao. Ndivyo mwanamke wa miaka sitini alivyojifunza Kituruki katika milima ya Nyambene. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya kambi, nina miaka ishirini na sita, nina cheti cha kupiga taipu, na ninajivunia Kiingereza changu kuliko kitu kingine chochote nilichokuwa nacho.

Kitenzi chenyewe ni "take". Kilianza na kikombe cha chai. Mama aliyepika kambini, mtu wa Maua mkarimu, alimwekea injinia mkuu chai mezani, akamwambia kwa Kiingereza chetu cha kila siku: "Injinia, take tea." Injinia alikuwa amejifunza wiki ile kwamba neno hilo ni kupeleka kitu mahali. Akasimama kwa adabu, akakiinua kikombe, akauliza: "Where?" Mama akafikiri hapendi meza ile, akamwonyesha nyingine. Akakipeleka pale, akaendelea kusimama, anangoja maagizo. Tulicheka mpaka tukafuta macho. Mwalimu hakucheka sana. Alimketisha, akafungua daftari, na kwa siku tatu zilizofuata hakufundisha neno lingine. Alitaka wajue kwamba Mwingereza amebeba mizigo mingi mno kwenye gunia moja. Kuchukua kitu, Waturuki husema "almak". Kukipeleka kwingine, "götürmek". Kupanda gari, "binmek", na hapo mwalimu alifurahi, kwa sababu sisi pia hupanda basi, hatulichukui. Dawa wao huinywa hata ikiwa ni tembe, "içmek", kama sisi tunavyosema kunywa dawa bila kujali kama kuna maji. Picha wao huivuta, sisi huipiga, Mwingereza ndiye pekee anayeichukua, kana kwamba ilikuwa ya mtu. Na safari ikichukua saa mbili, kama asemavyo Mwingereza, Mturuki hutumia "sürmek", neno lile lile la kuendesha gari na la kulima shamba kwa plau. Mwalimu alilipenda hilo kuliko yote. "Hawa wanajua barabara yetu," aliniambia. "Kufika Laare ni kulima kweli."

Nami nilisikiliza masomo yale kwa sikio moja kupitia dirisha la ofisi, nikiona ni mchezo wa wazee na wageni. Kiingereza nilikuwa nacho. Haikunijia kwamba kitenzi kile kinaweza kumuumiza mtu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kambini kulikuwa na mtu aliyeendesha pampu ya maji, ile iliyovuta maji mtoni ya kumwagia barabara kabla ya kushindiliwa. Alikuwa mtu wa Kanja, mpole, baba wa watoto wawili, amepanga chumba Maua na kuhamia na familia yake yote. Kiingereza alikuwa nacho kidogo sana. Jumamosi moja mchana, msimamizi akiwa amekwisha kuondoka, aliona pampu inavuja. Akafikiri kwamba kazi ya Jumatatu itakwama, akaipakia kwenye gari la mchanga lililokuwa likipita, akaipeleka Laare kwa fundi. Jumatatu asubuhi mlinzi akaripoti kwamba pampu haipo. Mtu wa Kanja akaitwa, nami nikaambiwa niandike maelezo yake kwa Kiingereza ili mainjinia wasome.

Nakumbuka alivyosimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi. "Karani, andika hivi," akasema. "Jumamosi niliona raba ya ndani imekwisha, maji inavuja. Nikapeleka hiyo pampu Laare kwa fundi. Iko huko." Niliandika haraka, kwa sababu nilikuwa na barua nyingine ya kupiga taipu. Niliyoyaandika yalikuwa mistari miwili: kwamba Jumamosi "I took the pump", na kwamba pampu iko Laare. Raba sikuiandika. Fundi sikumwandika. Niliona ni maneno ya ziada. Nikampa karatasi atie sahihi, akatia, maana aliniamini.

Injinia mkuu alisoma karatasi ile akiwa na kamusi yake ndogo. Maana ya kwanza aliyoikuta ilikuwa kuchukua. Kwake yale yalikuwa maungamo: mtu amechukua pampu, na pampu iko sokoni Laare. Alituma gari likaangalie, mtu wa Kanja akamwelekeza dereva kibandani kwa fundi. Fundi alikuwa ameteremka Meru kutafuta raba, kibanda kimefungwa, na majirani hawakujua lolote. Dereva akarudi mikono mitupu. Hapo injinia akampigia simu mkuu wa kituo cha polisi, na mtu wa Kanja akakalishwa kwenye benchi la langoni, walinzi wawili kando yake, angoje gari la polisi. Alisema tena na tena, "Mimi sikuiba. Uliza karani, nilimwambia yote." Mimi nilikuwa ndani. Nilimsikia. Nilijiambia kwamba nimeandika alichosema, kwamba neno ni sahihi, kwamba hata mwalimu wa Kiingereza hawezi kulitia kalamu nyekundu. Na kweli, kisarufi lilikuwa sahihi.

Saa kumi ikafika na mwalimu akafika. Alipita langoni, akamwona mtu wa kwao kwenye benchi, akachutama mbele yake wakazungumza Kiembu kwa muda. Kisha akaingia ofisini kwangu, hakunisalimia.

"Nionyeshe hiyo karatasi."

Nikampa. Akaisoma mara mbili.

"Huyu mtu alikuambia alichukua, ama alikuambia alipeleka?"

"Alisema alipeleka, Mwalimu."

"Kwa nani?"

"Kwa fundi."

"Fundi yuko wapi hapa?"

Alinitazama kama alivyokuwa akitazama wanafunzi waliofeli kwa uzembe, si kwa ujinga. "Kijana wangu," akasema polepole, "Kiingereza chako ni kizuri. Lakini hii haujaandika yenye alisema."

Alitoka na karatasi ile mpaka kwa injinia mkuu, nami nikamfuata kwa sababu miguu yangu haikujua pa kwenda. Alichukua chaki, akaandika maneno mawili kwenye ubao wa ramani: "aldım", nilichukua, na chini yake "götürdüm", nilipeleka. Akaligonga la pili. Injinia akasema, "Hocam," ndivyo walivyomwita, yaani mwalimu wangu, "yeye mwenyewe ameandika." Mwalimu akajibu kwa Kituruki chake cha kuokoteza, kisha akanitafsiria baadaye nilipomwomba. Alimkumbusha kwamba katika lugha yao, mtu akisimulia jambo asilolishuhudia, hulifungia kitenzi mkia mwingine, "mış", ili msikilizaji ajue kwamba ni habari ya kusikia. "Wewe tangu asubuhi unasema amechukua kama uliyemwona," alimwambia. "Ulimwona? Kama hukumwona, sema vile lugha ya mama yako ilikufundisha." Injinia akakaa chini, akasema neno moja taratibu, "götürmüş", yaani inasemekana alipeleka. Akainuka tena, akachukua funguo za gari.

Tulikwenda Laare watu wanne: injinia, mwalimu, mtu wa Kanja na mimi. Polisi waliambiwa wasubiri. Sokoni wafungaji wa miraa walikuwa wanamaliza mabunda ya mwisho, pikipiki zinapiga honi, nasi tukasimama kama saa moja mbele ya kibanda kilichofungwa. Jua likiwa bado juu ya vilima, fundi akashuka garini akitoka Meru, raba mpya mfukoni. Akafungua mlango. Pampu ilikuwa katikati ya sakafu, imefunguliwa, vipande vyake vimepangwa juu ya gunia safi. Fundi akatutazama, akamwambia mtu wa Kanja: "Si nilikuambia Jumatatu jioni? Mbona umeleta watu wengi?" Injinia alimshika mtu wa Kanja mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba radhi kwa Kiswahili kibovu. Mimi sikusema kitu. Hakuna aliyeniuliza, na mwalimu hakunitaja.

Barabara iliisha, Waturuki wakaondoka, nami nikaingia kwenye magazeti. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilimtembelea mwalimu kila nilipopita Maua. Hakuwahi kunikumbusha siku ile, isipokuwa mara moja, mwaka jana, alipokuwa amedhoofika. Nilikuwa nimempelekea matunda. Akaniuliza, "Yule mtu wa Kanja uliwahi kumwambia ni wewe uliacha fundi nje ya karatasi?" Nikasema bado. "Basi nenda," akasema, "kabla mmoja wenu hajaenda." Niliahidi, kisha nikaona haya, kisha nikapata shughuli, kama tufanyavyo. Naye ndiye aliyekwenda kwanza.

Tulimzika Alhamisi kwenye shamba la mumewe. Kwaya iliimba, na mmoja wa wale mainjinia alituma ujumbe wa Kituruki ambao hakukuwa na mtu wa kuuelewa, kwa kuwa aliyeweza kuuelewa ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza. Bintiye aliusoma hivyo hivyo, kwa matamshi ya kubahatisha, na watu wakasema amina. Mtu wa Kanja hakuja. Niliambiwa magoti yamemshinda. Jumatatu iliyofuata nikaenda kwake Kanja.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye kiti cha mbao, anapukuchua mahindi. Alinijua mara moja. Mkewe akatuletea uji. Nilimweleza yote bila kujipaka mafuta: raba niliyoiacha, fundi niliyemwacha, kitenzi. Aliendelea kupukuchua mpaka nikamaliza.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Ofisi ilikuwa na karani mmoja."

"Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia nini? Pampu ilirudi, nikarudi kazi." Akatupa gunzi pembeni. "Lakini nitakuambia kitu hujui. Ile benchi ilikuwa kwa barabara. Watu wa kanisa walipita wakaniona. Watu wa soko waliniona. Hao wote walisikia nimeshikwa. Kuachiliwa, hiyo hakuna mtu alitangaza. Kabla ya hapo nilikuwa nabeba kikapu ya sadaka. Baada ya hapo sikubeba tena, na hakuna mwenye aliniambia kwa nini. Hata nilikuwa nimeonyeshwa kipande ya shamba huko Maua, mwenyewe akabadilisha roho. Mama watoto akasema turudi nyumbani. Tukarudi."

Nilimwomba anisamehe. Akasema alinisamehe zamani, kwa sababu mwalimu alimwomba afanye hivyo, na kwamba si rahisi kumnyima mwalimu kitu. Sikujua hilo. Mwalimu alikuwa amenitangulia kwake na kuniombea, kisha akaningoja miaka yote hiyo nifike mwenyewe.

Nimekuwa nikiwaza tangu nitoke Kanja. Katika nchi hii mtu husema jambo kwa lugha ya nyumbani, likaandikwa kwa Kiswahili kituoni, likasomwa kwa Kiingereza mahakamani au hospitalini, na kila linapovuka hupungua. Mwenye kalamu hudhani kazi yake ni kuandika neno lisilo na makosa. Mwalimu alijua kwamba neno linaweza kuwa halina kosa hata moja na bado likamfunga mtu asiye na hatia. Dawa yake ni ndogo: msomee mtu ulichomwandikia, kwa lugha anayoielewa, umtazame usoni anaposikia. Ingenigharimu dakika moja.

Nilipoaga, mzee yule alinisindikiza mpaka kwenye mti wa makadamia ulio karibu na lango, akiegemea fimbo. Akaniuliza kama bado naandika gazetini. Nikasema ndiyo.

"Wao wanasoma hiyo gazeti huko Maua?"

"Wanasoma."

"Basi iandike. Jina langu usiweke, wenye wanajua watajua. Andika tu vile nilikuambia siku ile."

Nimeiandika, nikampigia simu na kumsomea, naye amesema ndivyo. Jumamosi ile pampu ilikuwa inavuja kwa sababu raba ya ndani ilikuwa imekwisha. Aliipeleka Laare kwa fundi.