Kuwahesabu Akina Tiefenbruch, Butembo Hadi Eringeti

Barua ndiyo iliyonitoa nyumbani. Ilifika Butembo wakati wa vita vya pili, baada ya kuzunguka kwa njia ya Kampala mikononi mwa wafanyabiashara na wachungaji, na bahasha yake ilikuwa imelainika kama kitambaa. Mwandishi alikuwa mzee Mjerumani aitwaye Tiefenbruch. Aliandika kwa Kifaransa cha taratibu kwamba tangu aache kazi yeye anahesabu watu wote duniani wenye jina lake. Ni jina adimu. Kwao maana yake ni kinamasi chenye kina, kwa kuwa wazee wao waliishi kando ya maji ya namna hiyo, na sasa nyumba zilizobaki na jina hilo hazimalizi vidole vya mkono mmoja. Halafu, katika picha ya mkutano wa kanisa, ameliona jina lake chini ya uso wa mtu mweusi: Kakule Tiefenbruch, mwalimu, Butembo. Aliuliza maswali mawili tu. Mko wangapi? Na jina mlilipata wapi?

Kakule Tiefenbruch ni baba yangu. Mimi ni Kavira Tiefenbruch, nafundisha jiografia huku Mususa, mtaa wa Butembo, na hapa kwetu watu husema Tifenbruku bila taabu yoyote. Baba mwenyewe hakujua lilikotoka. Alilikuta jina kwenye karata yake ya ubatizo, likaingia kwenye diploma ya ualimu, na hata serikali ilipokataza majina ya kizungu alilificha tu, kisha akalirudisha, maana bila diploma mwalimu ni nani? Siku ile ya barua alifurahi kama mtoto. Alinifanya niisome mara tatu.

Furaha haikulala hata wiki moja. Babu alikuwa na wake wawili, na mtoto wa kwanza wa mke mkubwa ni baba mkubwa Mumbere, mkuu wa ukoo wetu sasa. Alipoisikia barua hakucheka. Aliwaita watoto wa ukoo akawaambia, “Muliona? Bazungu benyewe banamutafuta mutu wabo.” Kumbe hayo yalinong'onwa tangu zamani, kwamba bibi yangu, yule mke mdogo, alimzaa Kakule na mzungu fulani, na jina ndiyo alama. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Baba mkubwa akakata shauri: siku Kakule atakapokufa, hatazikwa kwenye shamba la Vulamba, ubavuni mwa babu. Atafutiwe pengine.

Haya hayakuwa maneno ya siku za mbali. Miguu ya baba ilikuwa imevimba, na daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba moyo umechoka. Baba hakubishana. Aliacha kula tu. Mimi nilimhurumia sana, lakini niseme kweli, hasira ilinishinda kuliko huruma. Rangi ya baba ni nyeusi kama chungu, mzungu gani huyo? Lakini baba mkubwa alikuwa na jibu hata kwa hilo: damu inaruka, itatokea kwa wajukuu. Mtu mmoja tu aliyebaki hai angeweza kujua, dada ya baba wa tumbo moja, shangazi Masika, aliyeolewa Eringeti kaskazini kabisa ya Beni. Nikaomba ruhusa shuleni.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda lori lililobeba chumvi na sabuni kwenda Beni. Nilikaa juu ya magunia na akina mama wengine, tumejifunika vitenge vichwani kwa baridi. Nilikuwa na daftari jipya la kurasa mia, maana niliona kama nataabika hivi, afadhali nimjibu na yule mzee sawasawa. Nilipoanza safari daftari lilikuwa na majina saba: baba, mimi, na ndugu zangu watano.

Kwenye barrière ya mwisho, kizuizi cha barabarani, kabla ya Beni askari walitushusha wote. Wakati huo kila barabara ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walibadilika. Kijana mmoja mwenye bunduki alisoma karata yangu ya kitambulisho, akaniangalia usoni, akasoma tena. “Oza mundele?” akauliza, yaani mimi ni mzungu? Wenzake walicheka. Kwangu mimi kicheko hakikunifikia, maana mwanamke mwenye jina geni wakati wa vita anaweza kuitwa mpelelezi kabla hajafungua mdomo. Nilimweleza kwamba ni jina la baba yangu, na kwamba naenda kuuliza lilitoka wapi. Alifikiri kidogo, akanirudishia karata, akasema kwamba nikilijua nipite nimwambie. Sikujua kama ni utani au amri. Nilipanda lori haraka.

Beni, siku hiyo hiyo mchana, nilienda kwanza kutafuta vitabu vya uraia, ambamo wazee wetu waliandikwa. Bureau, ofisi ya serikali, ilikuwa imeporwa zamani, milango hakuna, mbuzi wanalala ndani. Lakini sokoni nilimwona mama anayeuza karanga, na kila fungu amelifunga kwa karatasi ya zamani yenye mistari na majina. Nilinunua fungu moja, nikaifungua karatasi: Kambale, Kambale, Kasereka, Mumbere. Nikanunua la pili. Nikanunua mpaka mama yule akaniuliza kama nina harusi. Nilikula karanga hadi tumbo likauma, na Tiefenbruch sikumwona hata mmoja.

Hapa wasomaji wa kwetu wanisamehe nikieleza wanachokijua. Sisi Wanande tunaitwa kwa zamu ya kuzaliwa. Kijana wa kwanza wa mama ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira kama mimi. Ukisimama sokoni ukaita Kambale, nusu ya soko inageuka. Nilijua hayo tangu utotoni, na zile karatasi za karanga zilikuwa zinanieleza jambo usoni, lakini sikulisikia.

Ijumaa, toka Beni kupitia Oicha, nilipata nafasi kwenye pikapu ya mchuuzi wa mafuta ya mawese. Baada ya Oicha msitu unakaribia barabara pande zote mbili. Watu wengi walikuwa wanashuka kutoka Ituri wakikimbia vita, godoro kichwani, kuku mkononi, bibi kizee amebebwa kwenye kiti. Sisi tulikuwa tunaenda walikotoka wao. Mtu mmoja alitupungia mkono turudi, dereva akakaza mwendo.

Eringeti tulifika saa tisa. Shangazi Masika nilimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya watu wasio wake, familia mbili za wakimbizi zilizolala jikoni kwake. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye maneno ya haraka. Alinikumbatia, akanipa maji ya kuoga na bugali na ndizi, wala hakuniuliza lolote mpaka nimeshiba. Nilipomweleza habari ya Mumbere na kaburi aliweka mchi chini.

“Nani alisema Kakule ni wa muzungu? Mumbere?” akauliza. “Muzungu Tifenbruku, Babelgiji balimubeba wakati ya vita ya bazungu, juu yeye alikuwa Mujerumani. Shamba yake ya kahawa ikabaki na mwingine. Kakule alizaliwa kisha mavuno mbili kupita. Miye njo nilimubeba mugongoni, nilikuwa na akili yangu.”

Nikamuuliza, basi jina lilimwingia vipi mtoto aliyezaliwa mzungu hayupo? Shangazi aliniangalia kama mwanafunzi mzito. Akanisimulia kwamba shamba lilikuwa kati ya Oicha na Eringeti, pale ambapo sasa ni msitu tu, na wafanyakazi wake wengi walikuwa Wanande walioshuka kutoka milimani, babu akiwa mmoja wao. Asubuhi karani aliita majina. Akiita Kambale, wanaitika kumi na wawili. Akiita Mumbere, wanaitika tisa. Tena katika mashamba jirani kulikuwa na akina Kambale wengine, na waliotoroka kazi walikimbilia huko wakapotea kabisa katika majina. Karani akachoka. Kila aliyekuwa kwenye kambi yake akamwandikia jina la mwenye shamba mwishoni, ili ajulikane ni Kambale wa wapi, na wake na watoto vilevile, kwa sababu posho ya chumvi na samaki ilitolewa kwa orodha. Mzungu alipochukuliwa, orodha haikubadilishwa. Na mwalimu wa dini alipokuja kubatiza, aliomba orodha kwa karani, akanakili.

“Hapana jina ya damu,” shangazi akamalizia. “Ni jina ya kambi. Na ule Mumbere anasema sana, yeye aliandikwa mbele ya Kakule. Alichuma kahawa pale, alikuwa na buku yake ya kazi. Anajua.”

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaona haya mbele ya wale wakimbizi. Kumbe ni uzembe wa karani mmoja aliyechoshwa na majina yetu! Miaka yote hiyo bibi yangu amesengenywa kaburini kwa ajili ya orodha ya samaki.

Jumapili, kanisani Eringeti, shangazi alimwomba mchungaji nafasi kabla ya matangazo ya mwisho. Mchungaji akauliza nani hapa, au baba yake, aliandikwa Tifenbruku. Nilitegemea wawili, watatu. Alisimama mzee mmoja mwenye fimbo. Akasimama mama na binti zake wanne. Upande wa wanaume ikasimama benchi karibu nzima, kisha mzee Mlese ambaye si Mnande hata kidogo, baba yake alikata kuni za kukaushia kahawa. Nyuma kabisa, katika wale waliofika kwa miguu kutoka Ituri, mwanamke mmoja aliinua mkono na mtoto akiwa mgongoni. Hawakufanana hata pua. Walitazamana wakaanza kucheka, maana wengine walikuwa majirani na kila mmoja alidhani ni aibu ya nyumbani kwake peke yake. Niliwaandika mmoja mmoja nje ya kanisa mpaka kalamu ikanikwaruza kidole. Pamoja na sisi wa Butembo tulikuwa thelathini na wanane, na yule mzee wa Ujerumani kwao hawajai nyumba tano.

Jumatatu niliamka kurudi, njia haikuwapo. Mapigano yalikuwa yamefunga barabara chini ya Oicha, nami nikakaa siku tatu nikimsaidia shangazi kupika na kuwaza jambo moja tu, kwamba baba atakufa kabla sijafika na watamchimbia huko pembeni kwa watu wasiojulikana. Sikumwomba Mungu kwa maneno mazuri. Nilimwambia tu amwache kidogo. Alhamisi pikapu ya mawese ilipita, nikapanda bila kuuliza bei. Kwenye ile barrière kijana wangu hakuwepo, alikuwapo mwingine asiyejua kusoma.

Butembo niliingia Ijumaa saa saba mchana. Baba alikuwa hai, amekonda, amekaa kitandani na viatu miguuni visivyoingia vizuri. Nilimweleza yote. Akaniomba shati lake la kanisa. Tukampandisha kwenye kiti, wadogo zangu wakambeba mpaka Vulamba kwa baba mkubwa.

Vulamba, nyumbani kwa baba mkubwa Mumbere, walikuwapo wanawe watatu na wake zao. Alitupokea vizuri, tukapewa viti, chai ikaletwa, kwa kuwa ugomvi haufuti adabu. Nilimsalimu kwa magoti, nikafungua daftari, nikasoma majina yote kwa sauti, kijiji kwa kijiji, na habari ya karani na orodha na mwaka wa kuzaliwa baba. Wanawe waliinamisha vichwa. Nilipofika mwisho nikasema.

“Baba mukubwa, tuko thelathini na munane. Shangazi Masika anasema weye ni wa thelathini na kenda. Anasema uko na buku.”

Mzee aliinuka na fimbo yake, akaingia chumbani. Tulisikia sanduku la bati linavutwa. Alirudi na kijitabu kilicholiwa na mende pembeni, akanipa mimi, si baba. Ndani, kwa wino wa zambarau: Mumbere Tiefenbruch, mchuma kahawa. Akaketi. Alisema alikuwa kijana, na siku hizo za kambi hakutaka zijulikane, jinsi walivyoitwa uwanjani kama mifugo ya mtu, na majina ya kizungu yalipokatazwa yeye alishukuru, akalitupa lake. Lakini Kakule hakulitupa. Kila baba mkubwa alipolisikia likiitwa kanisani alisikia lake. Nilimwelewa, na bado nilimkasirikia. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa moyoni pamoja, na safari hii imenifundisha hilo kuliko habari ya vinamasi vya Ujerumani.

Baba mkubwa alilivuta daftari karibu na macho yake, akapitisha kidole polepole kwenye kurasa. Miaka yote alikuwa akisema “shamba la baba yangu, kaburi la baba yangu.” Akamgeukia ndugu yake.

“Na baba yetu,” akamuuliza, “mulimuandika?”

Baba alijifuta uso kwa mkono wa shati.

“Hapana,” akasema. “Mumuandike wa kwanza.”

Nikaanza ukurasa mpya. Nikamwandika babu juu, chini yake Mumbere, na chini ya Mumbere, Kakule.