Kengele ya Castory

Yusta alipanda mlimani hadi kijijini kwao Vugiri na begi moja la nguo. Kwenye mgahawa wa Korogwe mjini, alikokuwa mpishi, alikuwa ameomba ruhusa ya mwezi mmoja tu. Kaka yake Castory, fundi redio, alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa akifunga ungo wa televisheni, akaumia uti wa mgongo. Alibakiwa na nguvu shingoni na kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Mama yao alishafariki. Erasto, ndugu yao wa tatu, ana familia Dar. Mwezi ule mmoja sasa una miaka sita.

Mwanzoni Yusta hakuthubutu hata kwenda kuteka maji bila kukimbia. Sauti ya Castory ilikuwa imefifia. Ukitoka nje ya jikoni humsikii tena. Simu nazo bondeni kwao hazishiki mtandao. Akienda kupalilia maharage, akirudi anamkuta kaka amelowa, au nzi wamemjaa usoni naye hana mkono wa kuwafukuzia.

"Kaka, nitengenezee kengele," alimwambia siku moja. Hapo hapo akaona aibu, kwa kumwomba hivyo mtu asiye na nguvu mikononi.

"Vuta lile boksi chini ya kitanda," Castory akajibu. "Mikono itakuwa yako."

Ndani mlikuwa na redio mbovu, tochi na nyaya. Yusta alipasha msumari kwenye jiko la mkaa, akayeyusha risasi ya kuungia nyaya, akaungua vidole. Castory alielekeza kwa macho na maneno: hapo, siyo hapo, umezidisha. Kengele ya kwanza ilikuwa ya waya, ikafika mpaka shambani, mbuzi wa jirani wakaukata. Ndipo wakamwagiza dereva wa lori la mboga awanunulie kwa wachuuzi wa pale Mkata, barabara kuu, kengele ya mlangoni isiyo na waya. Kitufe chake kilikuwa kigumu, wakakibadilisha kwa vipande viwili vya bati la tochi juu ya kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, kiasi kwamba kidole kimoja kilitosha. Kipokeo alikivaa Yusta shingoni. Kikilia, kinalia kama ndege.

Lakini kilishika mawimbi hatua thelathini tu kutoka nyumbani. Wakakiongezea waya wa shaba wa kunasia mawimbi. "Sentimita kumi na saba, usizidishe," Castory alisisitiza. Kikafika hatua mia mbili na kumi. Siku ile walicheka mpaka Castory akapaliwa.

Yusta alizunguka nyumba pande zote, na pale mlio ulipokatika akachomeka kijiti. Ndani ya duara la vijiti mlikuwa na kisima cha maji, maharage na nusu ya njia ya kanisani. Barabara ilikuwa nje. Alizoea kusimama kwenye kijiti cha mwisho akiangalia gari la Korogwe likipita, kipokeo kimetulia kifuani, akijua akiongeza hatua mbili hatasikia kitu. Zamani alikuwa amefungwa na hofu. Sasa alijua kabisa urefu wa kamba yake.

Castory naye alibonyeza. Alibonyeza akitaka maji, akitaka kugeuzwa, akitaka tu kujua kama dada yake yupo.

Ilikuwa Alhamisi, ndege yule alikuwa amelia mara kumi na moja kabla ya saa nne. Yusta akatoa betri za kipokeo, akazitia mfukoni, akatembea mpaka kwenye mashamba ya chai, akakaa chini. Hakulia. Alikaa saa nzima akivunjavunja vijitawi vya chai.

Aliporudi, kidole cha Castory kilikuwa kimechubuka.

"Umetoa betri," akasema.

"Nimetoa."

"Nilidhani umepanda gari. Ningekuwa mimi, ningepanda mwaka ule wa kwanza. Yusta, mwite Upendo."

Upendo ni jirani yao, mjane. Castory mwenyewe ndiye aliyemwomba: kila Alhamisi akae naye mchana, na yeye Castory atamfundisha kutengeneza taa za kuchaji, auze. Upendo akakubali siku hiyo hiyo.

Alhamisi iliyofuata Yusta alishuka Korogwe. Mgahawa ule ulikuwa na mpishi mwingine, binti asiyemfahamu. Alikunywa soda, akazunguka sokoni mara mbili. Kila aliyemsalimia alimuuliza habari za mgonjwa, hakuna aliyemuuliza habari zake mwenyewe, na hata yeye asingejua la kujibu. Gari la mwisho lilikuwa saa kumi. Yeye saa nane alishakuwa juu ya bodaboda, anapandisha mlima.

"Mbona mapema?" Castory aliuliza.

"Sikujua nikae wapi."

Upendo, ambaye bado alikuwa ameshika taa iliyofunguliwa, alimsogezea kiti. "Wiki ijayo nenda kwa dada yangu pale stendi," akasema. "Anauza vitenge. Yeye hana mgonjwa, mtaongea mengine."

Yusta alikaa, akavua viatu, akamwomba Upendo amwelekeze nyumba ya dada huyo ilipo.