Koti la Aida Lililonukia Udi

Jokha, mtu wa Unguja aliyehamia Tyseley, ughaibuni, alikuwa na ulimi mkali kama wembe, lakini Ijumaa ile, kiangazi cha mwaka 2006, ulimi ulimkauka. Simu haikulia.

Binti yake, Aida, alikuwa Grinilandi na wenzake wa chuo kikuu, wakihesabu lemingi: vipanya vya kule barafuni, vinene, mkia kama haupo. Huvitegea kwa karoti, huvipima, huvitia alama, kisha huviachia. Mwaka huu vimejaa, mwaka mwengine vimetoweka, nao wanataka kujua sababu.

"Mimi nimevuka bahari kukimbia panya," Jokha aliwaambia wenzake waliosafisha naye mabehewa ya treni, "mwanangu kavuka nyengine kuwafuata!"

Kila Ijumaa Aida alipiga kwa simu ya setilaiti. Mara ya mwisho alilalamika: mitego ya wenzake inanasa, yake mitupu. "Mama, ni udi wako huo! Koti zima linanuka."

Kweli, siku ya safari Jokha alilitandaza koti juu ya chetezo mpaka likalewa moshi. Msafiri huondoka ananukia. Ataondokaje kama gunia la dagaa? Basi lalamiko hilo Jokha alilicheka sana. Kisha televisheni ikasema dubu mweupe wa kule barafuni hunusa kitu kilicho mbali mno, na kicheko kikakatika. Panya kausikia udi, dubu je?

Sasa Jumamosi nayo inakwisha, simu kimya. Jirani yake, Léocadie wa Bukavu, akamletea sahani ya sombe, kisamvu cha kwao.

"Mama Aida, kula basi. Dubu haikulaka udi."

"Dubu umemjulia wapi wewe, Bukavu?"

"Na weye ulimujulia wapi, Unguja?"

Jokha hakucheka. "Nimemtia viungo mwanangu, shoga. Nimemwandaa mezani kwa mkono wangu mwenyewe."

Simu ikalia. Akaidaka, sahani nusura imwagike.

"Mama, usipige kelele. Sote wazima. Dubu alikuja."

"Yarabi!"

"Koti nililianika mbali na hema, harufu itoke. Kalichana vipande vipande, akaenda zake. Jana tulikuwa tunahama kambi, ndiyo maana sikupiga."

Jokha akakaa chini, pale pale penye zulia, machozi yanamtiririka. Léocadie akapiga kigelegele. Ghafla Jokha akainuka kama aliyechomwa sindano.

"Aida! Koti limechanwa? Na baridi hiyo unavaa nini?"

"La Lucie, mwenzangu."

"Haya, na huyo Lucie anavaa nini?"