Chupa Iliyofunguliwa Kabla Mjomba Hajaketi

Mlio wa chupa ya bia ikifunguliwa, ule "pshii" mfupi kama wa paka aliyekasirika, hunifanya niguse mdomo wangu wa juu bila kutaka. Mimi nashona nguo barazani hapa Kenya, mtaa wa mjini kwetu, si ile nchi, na jirani yangu wa ukuta anauza vinywaji, kwa hiyo kutwa nzima mkono uko mdomoni. Wateja wapya hudhani nahesabu meno. Wa zamani wamezoea, hawaulizi tena. Basi ngoja niwaambie nyinyi, kwa sababu wao sijawahi kuwaambia.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa kambi ya wafanyakazi, mimi na baba, wawili tu, katika nyumba iliyokuwa ya watu wanne. Mdogo wangu, mtoto mchanga ambaye hata kukaa alikuwa hajajua vizuri, alikufa kwa homa ya siku mbili. Na kwetu mtoto hafi hivi hivi. Lazima awepo aliyemla kwa uchawi. Ndugu za mama walisema ni upande wa baba. Mjomba Kilufya, kaka yake mama, alikuja na mkokoteni, akapakia godoro, sufuria mbili na mama yangu, akaenda navyo mtaani kwake, Ruashi. Mimi niliachwa kwa sababu ya shule. Miezi mitatu baba alisonga bukari, ule ugali wetu, yenye madonge, nami niliila nikisifu, maana nilimwonea huruma jinsi alivyokuwa akiitazama sahani yangu badala ya kula yake.

Mwishowe baba akaomba wapatane. Mjomba akakubali, ila kwa sharti: hatakula kwetu, na baba hatakula kwake. Wakutane mjini, mchana, mbele ya watu. Wakila na kunywa pamoja mpaka mwisho, mama atarudi. Baba akachagua Kwa Kengele.

Nyinyi wa leo mnapita pale karibu na stesheni bila hata kugeuza shingo. Lakini kwa mtoto wa kambi, Kwa Kengele ilikuwa kama kanisa lenye bia. Waliijenga Wazungu wa kwanza waliofika na reli, na chini ya rangi mpya ukutani bado ungeweza kusoma herufi za jina lao la Kifaransa, zimevimba kama mishipa. Ndani kulikuwa na kaunta ya mti mweusi, ndefu kama behewa, na nyuma yake kioo kikubwa chenye maua yaliyochongwa pembeni, kilichokuja kwa meli kisha kwa treni bila kupata ufa. Juu ya kaunta ilining'inia kengele ya shaba. Madirisha yalikuwa na vioo vya rangi, hivyo walevi wa upande wa kulia walikuwa wekundu na wa upande wa kushoto kijani. Babu yangu, baba yake baba, alinunua pale maisha yake yote kupitia tundu la ukuta wa nyuma, hakuwahi kuona ndani. Siku ile sisi tuliingia kwa mlango wa mbele, baba na abakosi yake, lile koti la heshima lisilovaliwa na tai, iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, mimi na gauni la Noeli lililokuwa limeanza kunibana kwapani.

Harufu! Mbuzi wa kuchoma, visashi, yale majani yaliyoungwa karanga, na kikanda, ile mizizi ya porini iliyosagwa na karanga na pilipili, imekatwa vipande vyekundu kama nyama. Nilijiambia kwamba mtu mwenye kikanda mdomoni hawezi kukasirika, mdomo hauna nafasi. Nilikuwa mtoto wa kuota mchana, na tayari nilikuwa nimeshampanga mama kitandani, mimi katikati.

Mhudumu alikuwa mzee mmoja mwembamba, Papa Kapampa.

"Mama mukubwa," aliniambia akiinama, "utakunywa nini? Bia ao wiski?"

"Limonadi, papa."

"Aa, mama mukubwa iko na akili."

Akaleta limonadi yangu na chupa mbili za bia, bado zimefungwa. Kabla mjomba hajafika, baba akatoka kwenda msalani, ng'ambo ya ua. Jikoni wakamwita Papa Kapampa akabebe bukari. Kifungulio chake akakiacha kwenye sinia, mbele yangu.

Sasa nisikilizeni. Nyote mnajua kwamba bia hufunguliwa mbele ya macho ya mwenye kuinywa. Mhudumu anaionyesha chupa, anagonga kizibo mara mbili, anauliza, "Nifungule?" Wewe unaitikia, ndipo anaifungua. Chupa iliyofunguliwa huko ilikotoka, hata akiileta rafiki yako wa ubatizo, hainyweki, huenda imetiwa sumu. Lakini mimi ningejuaje? Sikuwa nimeingia baa hata siku moja. Nyumbani baba aliifungua yake kwa meno, jikoni, akiimba. Mimi niliwaza hivi: mjomba atafika na kiu ya njia ya Ruashi, atakuta bia tayari, atafurahi, na hakutakuwa na ile nafasi ya kusubiri ambamo watu wazima huanza kuongea mabaya.

Nikaanza na ya mgeni, kwa heshima. Pshii. Povu likapanda, nikaogopa litamwagika, nikakirudisha kizibo na kukikandamiza kwa kiganja. Nilipotaka kushika ya baba nikasikia sauti. Mjomba alikuwa amekutana na baba uani, na wote wawili walikuwa wanaingia, wakasimama kunawa mikono katika beseni moja. Beseni moja! Moyo wangu uliruka. Nikaficha kifungulio ndani ya ngumi, chini ya meza, kwa sababu mtoto hagusi vitu vya baa.

Waliketi. Mjomba alikuwa mtu mkubwa, fundi wa kuchomelea vyuma, mikono yenye alama za moto. Akanigusa kichwani.

"Umekonda, mutoto ya dada. Baba yako iko anakupikia majiwe?"

Baba akacheka, mjomba naye akacheka. Papa Kapampa akaweka bukari, akainua chupa ya mjomba, akaigonga kwa ukucha kwa kuwa kifungulio hakukiona. Kizibo kikaanguka. Kikaviringika juu ya meza, polepole, kikalala mbele ya sahani ya baba.

Mjomba aliitazama chupa yake, kisha ya baba, iliyofungwa vizuri.

"Shemeki," alisema kwa sauti ndogo. "Nani alikuwa hapa mbele yangu?"

"Ni miye na mutoto."

"Ulikula mutoto ya dada yangu. Sasa njaa ingali?"

Ngumi ilimkuta baba na kiti chake, wote wakaanguka. Meza ikainuka upande mmoja kisha ikarudi, bukari ikanirukia kifuani, ya moto. Baba aliinuka na chupa yake, ile iliyofungwa, akampiga mjomba nayo juu ya sikio, ikapasuka, bia na damu vikashuka pamoja shingoni. Mjomba hata hakufumba macho. Alimshika baba kwa ncha mbili za kola ya abakosi, akambeba kama gunia na kumrusha juu ya kaunta. Kile kioo kilichovuka bahari bila ufa kikaanguka chote, kwa mlio mrefu. Kengele ikalia yenyewe.

"Ni miye!" nilipiga kelele. "Mujomba, ni miye!" Nani angesikia? Watu walishapanda juu ya viti, wekundu na kijani, wakipaza sauti, "Mulozi! Mulozi anatia sumu!" Mjomba alikuwa amemvuta baba sakafuni na kumkalia kifuani, mikono miwili kooni. Uso wa baba ulikuwa unabadilika rangi. Niliona miguu yake ikipiga vigae, kiatu kimoja kimemtoka.

Chupa ya mjomba ilikuwa bado imesimama kwenye kona ya meza. Nikaona dawa ya mambo yote. Nikaichukua kwa mikono miwili, kifungulio kingali kiganjani, nikaenda kusimama pale karibu na vichwa vyao, nikaiweka mdomoni, wote waone haina kitu.

Sijui baba alipata wapi nguvu. Aliuchomoa mkono mmoja kutoka chini ya goti la mjomba akaipiga ile chupa, si kidogo, kwa nguvu zake zote. Shingo ya chupa ilipasua mdomo wangu wa juu na kuvunja jino. Chupa ikaruka, ikavunjikia kwenye vigae.

"Munaona!" mjomba alinguruma. "Anajua mwenyewe kintu alitia!"

Hapo ndipo ikawa mbaya kabisa. Mpaka wakati ule walipigana watu wawili. Sasa ilipigana baa. Walimshusha mjomba, si kwa kumwamulia baba, bali wapate nafasi. Viatu, miguu ya viti, mkanda wenye chuma. Mmoja alikwenda uani na kurudi na tofali. Nilisikia mlio wa mbavu, na naomba msiniulize unafananaje. Baba hakuwa akijitetea tena. Alikuwa akitambaa, na alitambaa kuja upande wangu.

Nilipiga magoti. Kati ya vioo kulikuwa na dimbwi dogo la bia, lina povu bado. Nikalamba. Nikalamba kama mbwa, bia na damu yangu, mpaka vigae vikabaki vitupu.

Mmoja akaniona, akanyamaza. Halafu mwingine. Tofali likabaki hewani. Kelele zikaisha, na watu wazima wote wa Kwa Kengele wakasimama kunizunguka, wananitazama. Niliinuka. Nikabeua, mbeuo mkubwa wa mwanamume. Mtu fulani nyuma akacheka, akajizuia.

Papa Kapampa akashika ngumi yangu, akaifungua kidole kimoja kimoja. Kifungulio kilikuwa kimeacha alama kiganjani.

"Mama mukubwa," aliuliza taratibu, "ni weye ulifungula?"

"Nilitaka mujomba akute iko tayari."

Mwenye tofali alilirudisha uani, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Mjomba aliketi sakafuni. Akavua shati lake, akalichana, akafunga kichwa cha baba kwanza, kisha akakumbuka kichwa chake. Hakuna aliyesema samahani. Hawakula pamoja, wala hawajawahi kula pamoja tena mpaka leo. Mama alikuja kesho yake, si kwa sababu ya mapatano, bali kwa sababu alisikia mdomo wangu umechanika. Alikuja kuusafisha kwa maji ya chumvi, akabaki.

Kwa miaka mingi niliamini baba alinipiga kwa sababu mtoto hanywi bia. Mwaka jana alikuja hapa barazani nimshonee kifungo, na jirani akafungua chupa, na mkono wangu ukapanda mdomoni. Akaona. Nikamuuliza.

Aliutazama uzi wangu mpaka kifungo kikaisha.

"Nilijua miye sikutia kintu," alisema. "Lakini nani alifungula, sikujua. Nilifikiri ni mujomba wako, alitia sumu anitegee, bantu baseme niko mulozi."

"Ulimwona mujomba muuaji?"

"Na yeye aliniona. Tulikuwa sawasawa."

"Lakini ungeniacha ninywe, vita ingeisha palepale."

"Ndiyo."

"Na ukinizuia, ulijua batasema nini."

"Nilijua, mama." Alivaa koti lake, akajaribu kifungo. "Mukono ulienda yenyewe."

Alipoondoka nilikaa na mashine bila kushona. Baba yangu, ambaye nilidhani ndiye pekee, mbali na mimi, aliyejua kwamba bia ile ni safi, naye aliamini ina sumu. Mimi niliwahurumia siku zote wale waliosimama wakanitazama, nikadhani walinyamaza kwa haya. Kumbe walikuwa wanangoja. Baa nzima ilinyamaza ione kama nitakufa, na mmoja tu, chini yao, mbavu zimevunjika, hakuweza kungoja, alikuwa akitambaa kuja kwangu.