Veranda ya Kanisa Haikujengewa Wachelewaji

Kosa la wengi ni kudhani veranda ya kanisa letu ilijengewa wanaochelewa misa.

Leo nusura kosa hilo liizibe kwa matofali.

Nilimkuta mwenyekiti wetu wa kanisa, Arap Too, akipigilia vigingi na kuvuta kamba. Alitaka kujenga ukuta hapo, watoto wapate darasa la Jumapili. Nia nzuri kabisa.

Nikamweleza (mnajua napenda kueleza) kwamba waliojenga walilirefusha paa upande wa njia makusudi. Mvua ya mawe ikiwakuta wachumaji wakipeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia, wapate pa kujificha, wao na vikapu vyao.

"Mwalimu, hayo ni ya enzi za mapadre wazungu. Siku hizi watu wana miavuli."

Mwavuli! Kwa mvua ya mawe ya huku Litein!

Kabla sijamjibu, mawe yakaanza kugonga bati. Wanawake wakaja mbio na vikapu mgongoni. Wa kwanza akajikwaa kwenye kamba, majani yakamwagika yote.

Alikuwa mke wa Arap Too.

"Baba Chebet, nani amefunga kamba hapa? Anatega ng'ombe?"

Mwenyekiti akatazama paa.

Kisha akapiga magoti, akaokota majani pamoja naye. Mvua ilipokatika akaikunja kamba, akabeba kikapu mwenyewe, wakaenda.

Vigingi vimebaki. Utakayepita hapo leo, ving'oe.