Boti ya Mdogo Wangu Kwenye Boma Langu

Boti ya mdogo wangu ililetwa kwangu, huku kijijini Bahati, kwa trela, kwa sababu ziwa la Naivasha lilikuwa limepanda mpaka likameza mahali alipokuwa akiiweka. Tangu awe mjane, hiyo boti ya kupeleka wageni kuona viboko ndiyo inayomlisha. Nikamwambia ailete, nafasi iko. Sikusema kwa roho safi.

Mimi niliacha shule darasa la tatu ili nimbebe yeye mgongoni, mama akienda kuchuma pareto. Yeye akasoma mpaka akamaliza. Sasa ana boti, mimi nina ng'ombe wawili na mgongo unaouma.

Asubuhi ambayo fundi angekuja kuifunga kwa nailoni isinyeshewe, alinipigia simu. "Dada, chini ya zile mbao za sakafu kuna maji ya mvua. Nisaidie uyapanguse kabla fundi hajafika."

"Nimesikia."

Kusikia nilisikia. Nikaenda kukata nyasi.

Fundi alikuja na nailoni nyeupe, nzito, na mtungi wa gesi. Akaifunika boti yote, akaikaza kwa mkanda huko chini.

"Mathe, ndani kumekauka?"

"Kumekauka."

"Kabisa? Nikishaipitishia moto, unyevu wa ndani hauna pa kutokea."

"Mimi ni mtu mzima. Nimesema kumekauka."

Akawasha moto, akaupitisha polepole. Nailoni ikasinyaa, mikunjo yote ikapotea, ikabana boti kama ngozi ya ngoma. Ilipendeza, na hiyo ikanikasirisha zaidi.

Jumapili wamama wa kanisa walikuja kusali kwangu. Hakuna aliyeuliza habari ya mgongo.

"Ai, hiyo ni ndege?"

"Ni boti ya mdogo wake."

"Huyo Mungu amemkumbuka! Na wewe, mama, zamu yako ni lini?"

Wakacheka, wakapiga picha. Nikawapa chai yenye sukari kidogo.

Wiki iliyofuata jua lilichoma kweli. Nikaona matone ndani ya nailoni, yakiteremka. Hiyo naijua. Kuna mwaka nilifunga mahindi ya ng'ombe kwenye nailoni yakiwa yameloa. Kufungua, ukungu mtupu, na ng'ombe wakageuza vichwa. Viti vya boti ni sponji. Mgeni gani atakalia ukungu?

Siku tatu nilipita hapo nikiangalia kando. Ya nne akapiga simu.

"Dada, asante kwa kunitunzia. Bila wewe ningeipeleka wapi?"

Hiyo asante ilinichoma kuliko kicheko cha wale wamama.

"Yale maji sikuyapangusa," nikamwambia.

"Ulisahau?"

Alikuwa ananipa pa kutorokea.

"Sikusahau."

Akakata simu. Nikachukua kisu cha jikoni, nikapasua nailoni kutoka mbele mpaka nyuma. Harufu ikanipiga usoni. Viti viwili vilikuwa vimeota madoa meusi, lakini mbao zilikuwa bado nzima.

Kesho yake alifika mapema. Tukapangusa kwa matambara, tukaosha viti, tukavianika juani siku nzima, na siku iliyofuata tena.

Fundi aliporudi na nailoni mpya, aliniuliza mimi, mwenye boma. "Mathe, safari hii kumekauka?"

Nikafungua mdomo. Mdogo wangu alikuwa ameshainama ndani ya boti, ameingiza mkono chini ya mbao mpaka kwapani, anapapasa.

"Kumekauka," akajibu yeye.